Ukikosa goli: ujikosoe au utazame tu?

Mazoezini Lugogo, Kampala, swali hili la wafungaji wa netiboli haliishi: ukikosa, ujikosoe papo hapo, au utazame tu mpira ulikopita bila kusema "vibaya" wala "vizuri"?

Kwenye mechi nina upande: kutazama tu. Kanuni inakupa sekunde 3 za kushika mpira, na pete ya goli iko mita 3.05 juu. Anayejiambia "kunja goti, nyoosha kiwiko, usikose tena" hukakamaa mabega, mpira ukagonga ukingo wa mbele. Anayekaza macho kwenye pete na kutoa pumzi, mkono wake hufanya kazi unayoijua tayari.

Lakini kwa anayeanza, kutazama tu hakutoshi. Kiwiko kilichotoka nje hakijirudishi chenyewe. Anahitaji neno la kocha, alirudie.

Gharama hakuna, njia zote mbili ni bure. Ila kujikosoa huja kwenyewe, kutazama kunadai mazoezi ya kila siku.

Kwa hiyo, dada, kama bado unajifunza kurusha, jisahihishe, jambo moja kwa wakati. Kama mazoezini unafunga na mechini unakosa, taja tu mpira ulikokwenda: kushoto, kulia, mfupi. Kisha omba mwingine.