Uzoefu wangu: kliniki waliponiuliza habari za moyoni

Mimba ya kwanza nilihudhuria kliniki kwingine: uzito, presha, wingi wa damu, mkojo, haya, mwingine apite. Mimba hii ya pili nimeangukia kituo kimoja cha binafsi hapa Dar es Salaam ambako wanamuuliza mama kijacho na mambo ya moyoni. Huduma hiyo ndiyo ninayoiandikia.

Unapewa karatasi ya maswali 10 kwa Kiswahili. Ni kipimo cha Edinburgh, cha kutafuta dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha), kilichotoka Uskoti mwaka 1987 kwa ajili ya waliojifungua, siku hizi hutumika hata kwa wajawazito. Unajibu ulivyojisikia siku 7 zilizopita: kucheka, kulia, hofu isiyo na sababu, kujilaumu. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ikiwa kubwa ndiyo dalili nyingi. Swali la usingizi nimelipenda. Halitaki kujua kama unalala vizuri (mwezi wa nane nani analala?), linauliza kama ni huzuni inayokunyima usingizi. La mwisho ni kuhusu kuwaza kujidhuru, na hilo, nesi aliniambia, likijibiwa chochote zaidi ya "hapana kabisa" hawakuachi uondoke bila kuongea na mtu, hata jumla yako ikiwa ndogo.

Kisha yanakuja ya mdomo. Nani anakusaidia nyumbani? Hela ya matumizi inatoka wapi? Kuna anayekupiga au kukutisha? Kliniki zetu zinahimiza uje na mwenzako, tena ukija naye mara nyingi unatangulizwa kwenye foleni. Sasa swali la kipigo utalijibuje mpigaji kakaa ubavuni? Nesi wangu hakuhangaika. "Baba, tusaidie kupeleka karatasi hii dirisha la malipo." Mlango ukafungwa. "Haya dada, tuongee." Mume wangu hana ubaya wowote, ila ya mama yake nisingeyasema akiwepo.

Kasoro ipo, na si ndogo. Nilipata alama 12, nesi akaziandika kwenye kadi ya kliniki. Kadi inakaa sebuleni, kila mgeni anaipekua. Wifi akauliza hiyo 12 ni ya nini, nikamwambia ni wingi wa damu. Akanisifu kwa kula mchicha!

Alama hizo zilinipeleka kwa afisa ustawi wa jamii. Huyu anakuja mara moja kwa wiki na watu wanamgombania, utasubiri mpaka miguu ivimbe. Ukishaingia, lakini, hakuharakishi. Yangu yalikuwa ya kuelemewa na kazi za nyumba ya ukweni, tukapanga namna ya kumwambia mume wangu bila kuzua vita. Malipo ya ziada hakuna.

Nawapa nyota nne. Ukienda, omba mapema alama ziandikwe kwenye faili la kituo badala ya kadi. Jirani yangu niliyempeleka aliomba hivyo, wakakubali bila ubishi.