Chujio la mkaa wa mifupa, tumekaa nalo miezi 14 hapa Maji ya Chai

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya mkaa wa kubadilisha, ntaeleza.

Sisi ni wa Maji ya Chai, Arumeru, na wa huku mnayajua meno yetu, floraidi (madini yanayoharibu meno yakizidi) inatoka kwenye miamba ya Mlima Meru inaingia kwenye maji tunayokunywa. Kijana wangu mkubwa meno ya mbele yalitoka ya kahawia na yana vishimo, sasa anasoma Dar wenzake wanamuuliza kama anavuta sigara, akicheka anaziba mdomo. Inaniuma mpaka leo maana hayasuguliki yale, yanaharibika yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, mtoto akiwa mdogo kabisa. Ndo maana huyu wa pili alipoanza tu kunywa maji nikanunua chujio.

Ni ndoo mbili, ya juu ina chengachenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na mifupa ina madini yaleyale ya jino kwa hiyo floraidi inanasia humo. Tulipima, maji ya bomba miligramu 5 kwa lita, yaliyochujwa 0.8, na kiwango ni 1.5 (zamani Tanzania tuliruhusu mpaka 4!!). Wanaosema chemsha tu, jamani, kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki palepale na maji yakipungua ndo inazidi.

Sasa kasoro. Mkaa unachoka na huwezi kujua kwa kuonja wala kuangalia, lazima upime, na aliyeniuzia hakuniambia, nimekuja kushtuka mwezi wa tisa tangu ninunue maji yamerudi 2.6. Linachuja taratibu pia, jaza usiku. Na magadi kwenye makande acheni, yana floraidi, mama mkwe alinuna ila tumeacha.

Jirani yangu naye alilitaka, mwanae meno ya njano yanamegekamegeka, ila wamehamia juzi tu kutoka Tanga na baba mtu anayo hivohivo, nikamwambia shoga anza kwa daktari wa meno. Kweli akaambiwa ni ya kurithi, gamba la juu la jino halijengeki vizuri tangu mwanzo, magego wameyavisha vifuniko. Chujio lisingemsaidia kitu.

Wangu ana meno 12, meupe, ila ya ukubwani yanaanza kutoka kwenye miaka 6, ntarudi kuwaambia.