XScreenSaver kwenye kompyuta ya stesheneri: uzoefu wangu, Tanga

Kama unatafuta skriniseva, yaani programu inayochezesha picha kompyuta ikikaa bila kazi, ili kulinda kioo, XScreenSaver huihitaji, wala nyingine yoyote. Kinga hiyo ilikuwa na maana enzi za vioo vya kisogo kirefu. Picha ikiganda mahali pamoja muda mrefu, utando wa ndani unaotoa mwanga ulichakaa na kivuli cha picha kikabaki hapo daima. Vioo bapa vya LCD havina utando wa namna hiyo, na kwa pumziko lake, bora ukizime tu. Mimi XScreenSaver nimeiweka kwa sababu inachora hesabu, na inazichora vizuri.

Nina stesheneri ndogo Ngamiani. Kopi, kuchapa barua, kujazia watu fomu za mtandaoni, ndiyo kazi yetu. Kompyuta ya kaunta ni mtumba, Core 2 Duo, nimeiwekea Debian, mfumo wa bure wa Linux, yenye Xfce, dawati lake jepesi, maana Windows za sasa zingeilemea. Kioo nimekigeuzia wateja ili kila mtu ahakiki jina lake kabla sijachapa. Kwa hiyo kazi ikisimama, watu wote walioko kwenye benchi wanatazama kinachochezwa pale.

Programu yenyewe ni ya zamani. Jamie Zawinski, mmoja wa waandishi wa programu wa mwanzo wa kivinjari cha Netscape, aliitoa mwaka 1992 na mpaka leo anaihudumia. Ni ya bure, na ndani yake kuna michoro zaidi ya 200, mingi imechangiwa na watu wengine. Kuiweka ni amri moja ya apt, kisakinishi cha Debian, ila kumbuka kuongeza kifurushi cha xscreensaver-data-extra, kwa sababu baadhi ya michoro ninayoisifia hapa iko humo. Zima kwanza skriniseva iliyokuja na Xfce, la sivyo zitagombana.

Ninaoupenda kuliko yote ni XSpirograph. Gurudumu dogo linaviringika ndani ya gurudumu kubwa, na kalamu iliyochomekwa kwenye lile dogo inaacha mstari. Basi. Hakuna zaidi ya hapo, lakini ua linalotoka linategemea hesabu ya darasa la tano: kigawo kikubwa cha shirika (KKS), yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili bila baki. Tuseme nusu kipenyo cha kubwa ni 96 na cha dogo ni 60. KKS yake ni 12. Gawanya 96 kwa 12, unapata ncha 8 za ua. Gawanya 60 kwa 12, unapata mizunguko 5 ambayo gurudumu dogo litafanya ndani ya lile kubwa kabla mstari haujarudi ulipoanzia. Sasa badilisha 96 iwe 97. Umeongeza moja tu, lakini KKS imeshuka hadi 1, na ua la ncha 8 limekuwa zulia la ncha 97. Mtoto wa jirani anayekuja kutoa kopi za mazoezi yake alikuwa ananiuliza, "Mjomba, mbona saa nyingine linachora ua na saa nyingine linajaza duara lote?" Nilimwandikia namba hizo mbili nyuma ya karatasi iliyoharibika. Sasa kila akija anahesabu ncha kwa kidole, na kioo changu kimejaa alama za mafuta ya mihogo.

Hapo ndipo penye lawama yangu kubwa. Namba za magurudumu huwezi kuziweka mwenyewe. Unaruhusiwa kubadilisha mwendo, idadi ya matabaka, muda wa kusubiri. Vipimo vyenyewe programu inavibahatisha. Kwa skriniseva tu haina neno. Kwa mtu anayetaka kumwonyesha mtoto tofauti ya 96 na 97, inaudhi.

Epicycle ni ndugu yake. Duara linazunguka juu ya ukingo wa duara jingine, na hilo juu ya jingine, na nukta ya mwisho ndiyo inayochora. Ni mtindo uleule ambao Ptolemy wa Alexandria aliutumia, akiamini dunia iko katikati, kueleza kwa nini Mirihi huonekana kurudi nyuma angani kisha ikaendelea mbele. Hopalong nayo ni fomula ya Barry Martin wa Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham: chukua nukta, ipitishe kwenye hesabu fupi yenye kipeuo cha pili, weka nukta mpya, rudia. Mwanzoni nukta zinaruka kama mvua ya mawe. Ukivumilia, umbo linajitokeza taratibu, na wateja hawavumilii. Wengi huitwa zamu yao kabla halijakamilika.

Halafu kuna Braid, nyuzi za rangi zinazosukana kwenye duara. Mama mmoja anayesuka mikeka aliikodolea macho muda mrefu. Nikamuuliza, "Shikamoo mama, unaionaje?" Akajibu, "Marahaba mwanangu. Chane zinapita juu na chini sawasawa, lakini huo ukili hauna mwanzo. Atauanzia wapi huyo?" Sikuwa na jibu.

Michoro ya pande tatu, ile inayotumia GL (njia ya kompyuta ya kuchora kwa kadi ya picha), sikuizoea. Kwenye mashine yangu inakwamakwama na feni inapiga kelele. Kadi ya picha yenye nguvu huenda ingeibeba, lakini hata pale inapotembea vizuri nahisi urembo umeifunika hesabu. Nimeondoa tiki karibu zote. Ondoa pia BSOD, inayoigiza skrini ya kompyuta iliyokufa. Mpwa wangu aliiwasha kwa utani, na mteja aliyekuwa anasubiri CV yake alitaka kulia.

Mipangilio niliyobaki nayo: mchoro unaanza baada ya dakika 10, ambayo ndiyo inayokuja na programu, lakini muda wa kuzima kioo nimeufupisha sana, maana unaokuja na programu ni mrefu mno. Mchoro unaocheza unakula umeme kama kazi nyingine, na yuniti za LUKU nanunua mimi. Kufunga skrini kwa nywila nimekuwasha. Pale kaunta huwa kuna vyeti vya kuzaliwa na namba za NIDA za watu, si vya kuachwa wazi nikienda kuswali.

Kwenye Android ipo pia, kama picha hai ya mandharinyuma ya simu. Inapendeza siku ya kwanza, kisha unaona chaji inavyoshuka.

Wenye Windows mnaniuliza sana: kwenu haipo. Mwandishi mwenyewe amekataa kuitengenezea Windows, kwa hiyo faili la .scr lenye jina hilo si lake. Na .scr ni programu kamili sawa na .exe, inaweza kufanya lolote ikishafunguliwa. Mtu akikuletea kwenye flashi, mrudishie flashi yake.