Pochi hii imenifichia miamala yote! Nimeipata hapa | Uchambuzi kutoka Chake Chake

Assalamu alaykum watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nimekasirika kweli. Tunaichambua hii pochi ya simu ya USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, mnayoniulizia kila siku kwenye komenti. Kuipakua, kufungua akaunti, kuweka namba ya siri, hayo mnayajua, nayaruka. Twende kwenye historia ya miamala, maana hapo ndipo iliponichefua.

Oneni skrini. Salio hili hapa, 186.40. Sawa, ndizo zangu. Sasa nagusa historia... "Hakuna miamala." Jamani! Ami yangu yuko Maskati, ananitumia tangu Mfunguo Mosi. Ya juzi haipo, ya mwezi uliopita haipo. Navuta chini, kiduara kinazunguka, kinazunguka, tupu vile vile. Yalianza niliposasisha programu. Usiku ule sikulala wallahi, nilijua nishaibiwa.

Hebu tulieni nikuonyesheni. Fedha hizi hazikai ndani ya simu. Zimeandikwa kwenye daftari la wazi la mtandao, na mtandao wangu mimi ni Tron. Programu kazi yake kuuliza seva kisha ikuchoree majibu. Salio mara nyingi inauliza pahala pamoja, historia pahala pengine. Seva ya historia ikilala, salio linabaki sawa na ukurasa unakuwa mweupe.

Nakopi anuani yangu. Inaanza na T kubwa, ina herufi na tarakimu 34, katikati nimeifunika. Nafungua Tronscan, tovuti ya kusomea daftari la Tron, kwenye kivinjari, napesti, natafuta. Hapa wengi ndipo wanapopotea: wanaishia kwenye orodha ya miamala ya kawaida, hawaioni USDT, wanaanza kulia. Nendeni kwenye uhamisho wa tokeni. Haya! Ya juzi hiyo, 60. Ya mwezi uliopita, 50. Na saa yake, na anuani ya ami, na namba ya muamala, ile ndefu ya herufi na tarakimu 64. Ikopini hiyo, mtu akikataa kuwa mlimlipa, mtumieni. Kama anuani yako inaanza na 0x, Tronscan haikuhusu. Nenda Etherscan, ya mtandao wa Ethereum, au BscScan, ya BNB Chain, kwa kutegemea mtandao aliotumia mtumaji.

Mnaviona hivi vimistari vya uhamisho wa 0? Msiviguse! Wezi wanatuma kutoka anuani iliyofanana mwanzo na mwisho na ya ami yako, ili siku ukikopi kutoka kwenye historia, utume kwao. Pochi zinazovificha nazipongeza. Hii imemficha mwizi na ami yangu pamoja, bila hata neno la kusema seva imeshindwa. Hilo silisamehi. Nilitaka kuipa nyota nne kwa wepesi wake, sasa naipa mbili.

Na msiniambie ni ya bure. Kupakua bure, ndiyo, lakini ukibadilisha sarafu ndani yake wanakata ada. Electrum, pochi ya Bitcoin, ipo tangu 2011, seva unachagua mwenyewe, historia unaitoa kama faili. Haishiki USDT, basi, ingeishika ningehamia leo.

Kabla sijasahau, taa za sola mlizoomba, video yake wiki ijayo inshallah. Bonyezeni kengele.

Na akija mtu inboksi anakwambia "nipe maneno yako 12 nikurejeshee historia", huyo mwizi, mfungie. Maneno yale ya siri ndiyo ufunguo wa pochi, ndiyo fedha zenyewe. Mimi yangu yako kwenye karatasi, nimeyahakikisha neno kwa neno, na jana, mwenyewe, kamera imezimwa, nimeyaingiza kwenye pochi nyingine. Tazameni: anuani ile ile, T ile ile. Nagusa historia... hiyooo! Ya juzi, ya mwezi uliopita, mpaka ile ya kwanza ya Mfunguo Mosi. Ile ya mwanzo, iliyonifichia, naifuta sasa hivi mbele yenu.