Bodi ya mbao juu ya chesisi (fremu ya chuma ya lori) ya Kijapani: tathmini ya gari ya shamba ya Unguja

Gari nyingi za mbao za abiria zinazokwenda Nungwi, Jambiani na Makunduchi huingia bandarini zikiwa malori madogo yaliyokwisha tumika Japani: Toyota Dyna, Mitsubishi Canter, Isuzu Elf. Injini, giaboksi, difu na kebini ni za kiwandani. Kinachofuata nyuma ya kebini, yaani sakafu, nguzo, mabenchi, paa na kerea ya mizigo, hutengenezwa hapa na seremala pamoja na fundi wa kuchomea. Tathmini hii ni ya hiyo sehemu ya nyuma peke yake. Hiyo ndiyo bidhaa yetu, na anayetaka gari huiagiza na kuilipia mbali na lori.

Kwa kazi yake, bodi hii ni nzuri kuliko wengi wanavyoisema. Pande ziko wazi, upepo unapita, na magunia, baiskeli na matenga ya samaki yanapakiwa bila kugombana na milango. Hiace kuukuu ukanda wa pwani huanza kula kutu ndani ya milango na chini ya vioo, mahali maji ya chumvi yanapokaa bila kuonekana, na ukitaka paneli nyingine unasubiri inayotoka nje. Bodi ya mbao ubao ukioza unang'olewa huo mmoja, unawekwa mwengine, na jioni gari iko njiani. Lori la chini nalo linasaidia: injini ya 14B ya Dyna (sentimita za ujazo 3,661) au 4D33 ya Canter (4,214) ina pampu ya dizeli ya kimakanika, haihitaji kompyuta kuipima.

Ubaya mkubwa uko mahali pamoja: pale bodi inaposhikana na chesisi. Chesisi ya lori ni chaneli mbili zenye umbo la C, na imeundwa ijipinde kidogo barabarani. Nguvu yake kubwa iko kwenye midomo ya chaneli, yaani kingo bapa za juu na za chini za hiyo C. Fundi akitoboa mdomo huo kwa drili, au akachomea kipande cha chuma juu yake, ufa utaanzia hapo hapo. Tundu linapunguza chuma mahali kinapovutwa zaidi, na moto wa kuchomea unabadilisha ugumu wake. Miongozo ya watengenezaji wa malori inakataza yote mawili. Lori kuukuu likiuzwa mnadani Japani, mwongozo huo hauji nalo, na fundi wetu anafanya kwa kukisia.

Njia sahihi ni hii. Laza mihimili miwili mirefu ya mbao ngumu, mvule au mninga, juu ya chesisi kwa urefu wote wa bodi. Ncha ya mbele ya kila muhimili ikatwe kwa mteremko, upande wa chini, ili uzito usianze ghafla mahali pamoja nyuma ya kebini. Kata iliyosimama wima inaweza kuipasua chesisi hapo. Kisha funga kwa yubolti (bolti zenye umbo la U), na ndani ya chaneli, kila penye yubolti, weka kabari ili midomo isibonyee nati zikikazwa. Karibu na bomba la moshi kabari iwe ya chuma, kwa sababu ya mbao itaungua. Baina ya mbao na chuma pawe na rangi ya lami au ukanda wa mpira, maana hapo chumvi hujificha miaka. Kama lazima pachomewe kitu popote kwenye gari, waya wa betri uondolewe kwanza.

Mbao mbichi ni hasara ya polepole. Ikikauka inasinyaa, yubolti zinalegea, bodi inaanza kutembea juu ya chesisi na kuisaga. Hata mbao kavu husinyaa kidogo, kwa hiyo nati zikazwe tena baada ya wiki za mwanzo za kazi. Fundi mwema hulisema hili mwenyewe kabla hujamuuliza.

Nguzo zilizopigiliwa misumari tu hazifai. Zidai bolti na pembe za chuma kwenye maungio, na walau mbao za mshazari kila upande, maana umbo la mstatili lisilo na mshazari hulala mbele kila gari ikishika breki. Bolti ziwe za mabati. Ya chuma kitupu kwenye mbao ngumu huliwa na chumvi kutoka nje na utomvu kutoka ndani.

Uzito wengi hawaupigii hesabu kabisa. Gari ya kubeba tani mbili huhesabiwa ikiwa na bodi yake ya kiwandani. Abiria 25 wa kilo 65 ni kilo 1,625. Magunia manne ya mchele ya kilo 50 ni 200. Jumla 1,825, zimebaki 175. Bodi mpya ikizidi ile ya kiwandani kwa zaidi ya hapo, springi na breki zinafanya kazi zisiyopangiwa, hata kabla ya mtu kuning'inia nyuma. Mizigo mizito ikae sakafuni. Juu ya paa inapandisha kitovu cha uzito, na kwenye kona gari inalalia upande. Bodi iliyorefushwa kupita mwisho wa chesisi nayo ina lake: uzito wa nyuma unainua ekseli ya mbele, usukani unakuwa mwepesi na tairi za mbele hazishiki vizuri.

Mpango huu, chesisi ya mgeni na bodi ya mwenyeji, si wa watu wasio na uwezo. Toyota Kijang ilipotoka Indonesia mwaka 1977, na Tamaraw ya Ufilipino muda mfupi kabla yake, bodi zilichorwa kwa bati la kukunja ili zisihitaji mashine kubwa za kugandamiza. Karakana za Indonesia zilijenga sehemu ya nyuma ya Kijang kwa miaka, na vipuri vya ndani vikaongezeka hatua kwa hatua. Malaysia ilianza na gari nzima: Proton ikaundwa mwaka 1983 kwa ubia na Mitsubishi, Saga ikatoka 1985, na mwaka 2017 Geely ya China ikanunua asilimia 49.9 ya kampuni. Naamini kisiwa chenye soko dogo kinafaidika zaidi na njia ya kwanza. Kampuni ya nje haina haja ya kutujengea kiwanda kwa kuanzia. Itupe mchoro wa chesisi, mahali pa kufunga, na uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli. Kenya wana kiwango cha KS 372 kwa bodi za magari ya abiria, na ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, wangeweza kukaa na mafundi wetu wakaandika cha gari ya mbao, kwa Kiswahili na kwa michoro.

Kwa sasa, kabla ya kumaliza kulipa, ingia chini ya gari na tochi. Tafuta alama za kuchomea na matundu mapya kwenye midomo ya chesisi. Pima nafasi kati ya ekseli ya nyuma na mpira wa kuzuia springi. Nafasi juu ya tairi lazima iizidi hiyo, la sivyo tairi itasugua sakafu gari ikijaa. Angalia waya za taa za nyuma zinapopita kwenye mbao, ziwe ndani ya bomba la plastiki. Halafu ipeleke kwenye mizani ikiwa tupu, uandike uzito wake ubavuni.