Raspberry Pi 4 kama seva ya mezani Mtwara: kagua waya kabla ya kuilaumu bodi

Raspberry Pi 4 ni kompyuta kamili ya bodi moja: ukiilaza juu ya kitambulisho cha NIDA, vinakaribia kulingana. Hii ninayoitumia hapa Mtwara mjini ni ya RAM ya GB 4, na ina kazi tatu: kutunza nyaraka za programu zisomeke bila intaneti, kutunza pakeji za npm (vipande vya msimbo wa JavaScript vinavyoshushwa kutoka intaneti) zisishushwe mara mbili, na kufungua tovuti kwenye simu halisi kabla haijaenda hewani. Kasi inatosha kwa kazi zote tatu. Wanaolalamika kwamba Pi inaganda ganda, ukichunguza unakuta ubaya uko pembeni: waya wa chaja, memori kadi, au saa ambayo bodi hii haina.

Kwa nini mtu ajisumbue na seva ya mezani siku hizi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ya namna hiyo `npm install` inazunguka tu mpaka inachoka, na ukurasa wa nyaraka uliouzoea haufunguki. Hata siku za kawaida, bando ni hela.

Twende kwenye waya. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Umeme unaofika kwenye bodi ukishuka chini ya volti 4.63, inapunguza kasi ya prosesa ili ijilinde. Kama kuna kioo utaona alama ya radi pembeni, lakini seva haina kioo, kwa hiyo unaona uzito tu na kuilaumu Pi. Andika `vcgencmd get_throttled`. Ikijibu `0x0`, mambo safi. Ikijibu `0x50000`, umeme uliwahi kushuka tangu ilipowashwa. Ikijibu `0x50005`, uko chini sasa hivi unaposoma.

Hesabu yake ni hii. Waya mwembamba wa 28AWG (AWG ni kipimo cha unene wa waya) una ukinzani wa kama omu 0.21 kwa mita, na kwa kuwa umeme unakwenda na kurudi, waya wa mita moja unakuwa omu 0.43. Pi yenye diski inafika ampea 1.2 bila shida, hapo volti 0.5 zimeishia njiani. Chaja imetoa 5.1, bodi imepokea 4.6, na mstari umeshapitwa. Waya wa 20AWG wa urefu uleule unapoteza chini ya volti 0.1. Soma maandishi madogo yaliyochapwa ubavuni: ukiona `28AWG/1P+24AWG/2C`, namba ya pili ndiyo ya nyaya za umeme, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo shaba inavyokuwa nene. Waya usio na maandishi yoyote uache uchaji simu. Mimi nauona wa sentimita 30 kuwa bora kuliko wa mita mbili wenye nakshi.

Chaja ya simu iliyoandikwa wati 33 nayo inadanganya jicho. Nguvu hizo inazitoa kwa volti 9 au zaidi baada ya kuelewana na simu, na Pi 4 haiombi zaidi ya volti 5. Angalia mstari wa 5V peke yake. Ukiwa 5V 2A, basi una wati 10, na hazitoshi ukiweka diski.

Anayenunua ya mtumba aulize toleo la bodi. Zile za kwanza za mwaka 2019 zina kasoro inayojulikana kwenye tundu la USB-C: pini mbili zinashirikiana rezista moja, kwa hiyo waya wenye chipu ndani, kama wa chaja za kompyuta mpakato, unaifanya chaja idhani Pi ni kifaa cha sauti na isipeleke umeme. Toleo 1.2 lilirekebishwa. Andika `cat /proc/cpuinfo` utazame neno Revision: kwa ya GB 4, `c03111` ni ya zamani, `c03112` imeshatibiwa. Ya zamani bado inafaa, ila ipe waya wa kawaida. (Na ukipewa Raspberry Pi 2 ya mwaka 2015, usiipige picha kwa karibu kwa flashi ya xenon. Chipu moja ya umeme, U16, iliachwa wazi bila kifuniko na mwanga mkali unaivuruga mpaka bodi inazima. Kweli kabisa.)

Umeme ukikatika, pawabenki inasaidia, ila si kila pawabenki. mAh 20,000 zinahesabiwa kwa volti 3.7 za seli, yaani Wh 74, na ukitoa upotevu wa kupandisha volti bakisha Wh 60 hivi. Pi iliyotulia inakula kama wati 3. Pamoja na SSD piga wati 5. Hapo una saa 12 kwa makadirio, usiku mzima unapita. Tatizo liko kwenye kuchaji na kutoa kwa wakati mmoja: nyingi hukata umeme kwa kitambo kidogo chaja inapozimika au kurudi, na kitambo hicho kinatosha Pi kujiwasha upya. Ijaribu kabla hujailipia. Chaja ukutani, pawabenki katikati, Pi mwisho. Chomoa chaja, subiri, ichomeke tena, kisha andika `uptime`. Ikianza kuhesabu upya, mrudishie mwenyewe. Zile UPS ndogo za ruta ni nzuri kwa ruta ya volti 12, lakini tundu lake la USB mara nyingi ni ampea 2 tu.

Memori kadi. Kabla ya kuweka chochote, ipime kwa programu iitwayo F3: `f3write` na njia ya kadi, kisha `f3read`. Kadi ya bandia imeandikwa GB 128 juu, ndani ina 8. Inapokea faili zote kwa unyenyekevu, kisha inaandika mpya juu ya zile za zamani. Bila kuipima utagundua wiki ya tatu, maktaba ikiwa imeharibika katikati. Kadi halisi nayo ina adui wake, ambaye ni umeme kukatika wakati inaandika. Kama Pi inasoma tu na haihifadhi kitu kipya, ingia `sudo raspi-config`, Performance Options, washa Overlay File System. Mabadiliko yote yanakaa kwenye RAM na ukiizima yanapotea, kadi haiguswi.

Kwa seva ya npm hiyo haifai, maana inaandika kila siku. Hapo weka SSD kwenye tundu la bluu. Matundu yote manne ya USB kwa pamoja yanatoa ampea 1.2 tu, kwa hiyo diski ngumu ya kuzunguka pamoja na flashi mbili tayari ni mzigo. Adapta nyingine za SATA hugoma na mfumo wa UAS (njia ya haraka ya USB kuongea na diski): diski inaonekana, inapotea, inarudi. Soma namba yake kwa `lsusb`, tuseme ni `152d:0578`, halafu mwanzoni mwa mstari wa `/boot/firmware/cmdline.txt` ongeza `usb-storage.quirks=152d:0578:u` na nafasi moja. Faili hilo lina mstari mmoja tu. Ukibonyeza Enter katikati yake, Pi haiwaki. Na SSD ikikaa jirani kabisa na bodi, Wi-Fi ya GHz 2.4 inaweza kuyumba, kwa sababu USB 3 inatoa kelele kwenye masafa hayo. Tumia GHz 5 au waya wa mtandao.

Sasa saa, ambayo watu wengi hawaifikirii. Pi 4 haina betri ya saa. Ikizimika inakumbuka muda wa mwisho iliouandika, na ikiwaka bila intaneti inaendelea kutoka hapo kana kwamba hakuna kilichopita. Umeme ukikatika saa nne usiku na kurudi asubuhi intaneti ikiwa haijarudi, Pi bado iko usiku. Matokeo yake ni ya ajabu: cheti cha HTTPS ulichotengeneza leo kwenye mpakato kinakataliwa kwamba muda wake haujaanza, na kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo (commit) kwenye git zinapangana kinyume. Dawa ni moduli ya DS3231, saa ndogo yenye betri yake. Inakosea kama dakika moja kwa mwaka, na hiyo ni nafuu kubwa.

Kuifunga: umeme wake pini ya 1, SDA pini ya 3, SCL pini ya 5, ardhi pini ya 6 au 9. Tumia pini ya 1 yenye volti 3.3, usitumie ya volti 5. Pini za Pi hazivumilii volti 5. Tena moduli ile pana ya bluu ina njia ya kuchaji betri, na ukiipa volti 5 huku umeweka CR2032, ambayo haichajiki, unachaji kitu kisichotakiwa kuchajiwa. Kisha kwenye `/boot/firmware/config.txt` ongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`, ondoa `fake-hwclock`, iwashe upya, hakikisha saa ni sahihi, na uandike `sudo hwclock -w`.

Baada ya hapo ndipo raha inaanza. Kiwix, mradi ulioanza mwaka 2007, unafunga tovuti nzima kwenye faili moja la ZIM. Stack Overflow ya toleo la 2023 inakaribia GB 75. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100. Ya Kiswahili ni ndogo mno ukilinganisha. Lakini kama una nafasi kidogo, acha majitu hayo, chukua faili za DevDocs: JavaScript, CSS, PHP, kila moja ni megabaiti chache, na ndizo utakazofungua kila siku. GB 75 kwa intaneti ya Mbps 10 ni karibu saa 17 bila kupumua, kwa hiyo shusha kwa `wget -c` ili ikikatika iendelee ilipoishia, na usishushie kwenye flashi ya FAT32, maana haipokei faili linalofika GB 4. Tumia exFAT au ext4.

Kuiwasha ni amri mbili baada ya `sudo apt install kiwix-tools`: `kiwix-manage maktaba.xml add` ikifuatwa na jina la faili, kisha `kiwix-serve --port=8080 --library maktaba.xml`. Simu na mpakato zilizo kwenye Wi-Fi moja zinaingia kwa anwani ya IP ya Pi na 8080 mwishoni. Jina la `raspberrypi.local` linakubali kwenye mpakato, ila simu za Android za kabla ya toleo la 12 hazilielewi, kwa hiyo kwenye ruta ipe Pi anwani isiyobadilika.

Pakeji za npm nazitunza kwa Verdaccio, programu ya ghala la npm la nyumbani, mlango (port) wa 4873. Ukielekeza kwa `npm set registry` na anwani ya Pi, pakeji ikishuka mara ya kwanza inabaki, mradi wa pili unaichukua mezani. Mtego uko kwenye `package-lock.json`, faili linaloorodhesha pakeji za mradi na zilikotoka: mstari wa `resolved` unaandikwa anwani ya Pi yako, na seva ya mwenye tovuti huko iliko haitaifikia milele. Weka `omit-lockfile-registry-resolved=true` kwenye `.npmrc`, futa lock ya zamani, itengeneze upya. Kabla ya kupeleka kazi, tafuta `4873` ndani ya faili. Isionekane hata mara moja.

Kujaribu kwenye simu ndiko ambako Pi peke yake haitoshi. Tovuti ya kuonyesha bei za korosho, kwa mfano, mkulima ataifungua shambani ambako mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo lazima iwe na service worker, yaani msimbo unaobaki kwenye kivinjari na kuifungua tovuti hata bila mtandao. Ukiifungua kwa `http` na anwani ya IP, kivinjari kinakataa kusajili service worker kimyakimya, kwa kuwa kinakubali HTTPS au localhost (kifaa chenyewe) tu. Njia fupi: kwenye simu gusa Build number mara 7, washa USB debugging, unganisha kwa waya, kisha kwenye mpakato wenye adb (zana ya Android ya kuiamuru simu kwa waya) andika `adb reverse tcp:3000 tcp:3000`. Simu ikifungua `localhost:3000` inaiona tovuti iliyo kwenye mpakato, na service worker inasajiliwa. Waya wa kuchaji tu, usio na nyaya za data, hautaonyesha kitu kwenye `adb devices`. Ndio huohuo unaouzwa bei poa zaidi mezani. Kama waya hutaki, `mkcert` inatengeneza cheti cha ndani, lakini lazima uingize cheti chake cha mzizi kwenye kila simu, na kwa simu tano ni asubuhi nzima imekwisha.

Joto la hapa linahitaji heshima. Pi 4 inaanza kujipunguza kasi ikifika nyuzi 80, na ndani ya kava la plastiki lisilo na matundu, miezi ya mnada wa korosho, haichukui muda. Kava la alumini linalogusa prosesa linatosha bila feni, na feni karibu na bahari inavuta hewa ya chumvi ndani. Walio Shangani, kando ya bahari hapa Mtwara, waangalie pini kila baada ya miezi michache. Zikianza kuota kijani, zima, chomoa waya na betri ya saa, sugua taratibu kwa mswaki laini wenye spiriti ya isopropili, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuirudishia umeme.