Mashine za masikio za mtoto, miezi 8 baadae

Nianze kwa kukiri kwamba sisi tulichelewa. Binti yetu kafika mwaka na miezi 4 hana neno hata moja, bibi yake anatuambia mwacheni hata baba yake alichelewa kuongea, na tukimpigia makofi kwa nyuma anageuka, basi tukajua masikio mazima. Kumbe kile kipimo cha makofi ni uongo mtupu jamani! Mtoto anaona kivuli, au anasikia upepo wa mikono shingoni, au anafuata macho ya aliekaa mbele yake. Na hata akishtuka mlango ukibamizwa bado s na f anaweza asizipate kabisa, sasa maneno atayatoa wapi.

Kliniki yenyewe siitaji, nawapa nyota 4. Nilichopenda hawakukimbilia kutuuzia mashine. Walichungulia kwanza, wakapima presha ya sikio kuona km kuna maji nyuma ya kiwambo, ile ngozi nyembamba ndani ya sikio, maana watoto wengi shida ni hiyo tu, mafua yanaisha maji yanabaki, na mara nyingi yanakauka yenyewe ndani ya miezi 3, yakigoma ndo wanafikiria kuweka vitubu, vibomba vidogo vya kupitisha hewa kwenye kiwambo. Wetu hakuwa na maji. Ikabidi kipimo cha usingizini, wanabandika vijiwaya kichwani, mlio unapigwa sikioni na kompyuta inasoma mshipa wa kusikia unavyojibu, yeye kalala zake. Asilale njiani lakini!! Wetu alisinzia kwenye gari akafika macho kodo, tukarudishwa wiki iliyofuata.

Majibu: desibeli 55 masikio yote mawili, yaani sauti mpaka ifike nguvu hiyo ndo anaanza kuisikia, maongezi ya kawaida mengi yanampita. Hapo ndo nikaambiwa mtoto anatakiwa apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3 na aanze kusaidiwa kabla ya 6. Sisi hakuna alietuambia alipozaliwa, hilo linaniuma mpaka leo.

Mashine ni zile za kukaa nyuma ya sikio. Mlango wa betri una kifungo, usikubali isiyo nacho, betri ya duara mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo ndani ya masaa 2. Sauti sina lawama, walizisetia kwenye kompyuta kwa vipimo vyake mwenyewe.

Nyota ilopotea ni ya ile mipira inayoingia ndani ya sikio. Mtoto anakua, tundu la sikio nalo linakua, mpira ukilegea mashine inapiga filimbi kutwa nzima, ukipunguza sauti ili inyamaze unakuwa umemnyima alichokuja kukitafuta. Tumeshabadilisha mara 3, na kila mara wiki 3 za kusubiri, mtoto anakaa na filimbi au anakaa bila kitu. Wanajua kabisa atakua, kwanini wasichukue vipimo mapema?? Halafu unyevu, jasho likiganda kwenye kale kabomba kanakounganisha mashine na mpira sauti inakata, usiku tunaziweka kwenye kopo lenye punje za kunyonya maji, hilo pia tulijifunza wenyewe.

Wiki ya kwanza alikua anazing'oa kila dakika, tukaanza na robo saa robo saa wakati wa kucheza, saivi anashinda nazo. Nikimwita nikiwa chumba kingine anakuja. Maneno mpaka jana anayo 9, la tisa ni "toa", na analisema akiwa ameshaishika mashine mkononi.